Kolesteroli imejaa kwenye seli, kwa nini isiingie yenyewe mitokondria?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasomea famasia na kuna jambo linanisumbua. Kitabu kinasema kinachoamua kasi ya kutengeneza homoni za steroidi ni kuingia kwa kolesteroli kwenye mitokondria. Lakini kolesteroli ni mafuta, na utando wa mitokondria nao ni mafuta. Si ingepenya tu yenyewe? Halafu kitabu kimoja kinasema mbebaji ni StAR, kingine kinasema TSPO. Nishike lipi? Na je, mtu akila kolesteroli nyingi homoni zake zinaongezeka?

Jibu: Marahaba. Nianzie pale ulipokwama. Ni kweli kolesteroli na utando ni jamii moja, na ikishakuwa ndani ya utando hugeuka kutoka upande mmoja wa utando huo hadi wa pili bila shida. Kinachoizuia ni maji. Mitokondria ina tando mbili, na kati yake kuna nafasi nyembamba sana yenye majimaji. Kolesteroli ina kaboni 27, na katika umbo lake lote ni kikundi kimoja tu cha haidroksili kinachopatana na maji. Kwa hiyo ikifika utando wa nje hutulia pale. Kuing'oa, kuivusha na kuifikisha utando wa ndani ni kazi ambayo ikiachwa ijiendee yenyewe huenda polepole mno, na mwili hauna akiba ya homoni za steroidi ya kungojea nayo. Seli za adrenali, tezi zilizo juu ya figo, hazihifadhi kortisoli. Zikipata amri ndipo zinaitengeneza, na damu inatakiwa ianze kuipata ndani ya dakika chache.

Kwa nini lazima ifike huko ndani? Kwa sababu kimeng'enya kinachoikata, CYP11A1, ambacho vitabu vya zamani hukiita P450scc, kimejishikiza kwenye utando wa ndani kwa upande unaoelekea matriksi, yaani chumba cha ndani kabisa cha mitokondria. Kinafanya kazi tatu mfululizo palepale: kinaweka haidroksili kwenye kaboni ya 22, kinaweka nyingine kwenye kaboni ya 20, kisha kinakata kifungo kilicho kati ya kaboni hizo mbili. Mkia wa kaboni 6 unaondoka, inabaki pregnenoloni yenye kaboni 21. Kila hatua inatumia molekuli moja ya oksijeni na moja ya NADPH, na elektroni za NADPH hiyo zinaletwa na protini mbili, adrenodoksini ridaktesi na adrenodoksini. Kortisoli, aldosteroni, testosteroni, estradioli na projesteroni zote zinaanzia kwenye pregnenoloni hiyo.

Nje ya mitokondria, kolesteroli haina uhaba. Seli huchukua LDL, chembe inayobeba kolesteroli kwenye damu, kupitia kipokezi chake, huimeza hadi kwenye lisosomu, humo kimeng'enya cha lipesi ya asidi huikata kolesteroli kutoka kwenye esta, yaani kolesteroli iliyofungwa na asidi ya mafuta, kisha protini NPC2 huipokea na kuikabidhi kwa NPC1 ili itoke. Ipo pia njia ya HDL, chembe nyingine ya aina hiyo, kupitia kipokezi SR-B1, ambacho huchota esta za kolesteroli bila kuimeza chembe yenyewe. Panya hutegemea zaidi njia hiyo, binadamu huegemea LDL. Zaidi ya hayo seli inaweza kuitengeneza kolesteroli yenyewe kwenye retikulamu ya endoplazimu. Inayozidi hugeuzwa esta na kuwekwa kwenye vitone vya mafuta. Vitone hivyo ndivyo vinavyolipa gamba la tezi ya adrenali rangi yake ya manjano. Amri ya homoni ikija, lipesi huzifungua esta, na kolesteroli huru husogezwa hadi utando wa nje wa mitokondria na protini za kubeba, pamoja na sehemu ambazo retikulamu ya endoplazimu na mitokondria zimegusana. Kufika hapo si kazi ngumu kwa seli ya steroidi. Safari fupi iliyobaki, kutoka utando wa nje hadi wa ndani, ndiyo inayoamua kasi.

Hili halikujulikana kwa kukisia. Miaka ya 1960 watafiti walikuwa wakizipa seli za adrenali ACTH, homoni ya pituitari inayoziamrisha, na wakati huohuo wakizizuia zisitengeneze protini mpya kwa kutumia puromaisini au saikloheksimidi. Steroidi hazikuongezeka. Ajabu ni kwamba CYP11A1 ilikuwepo nzima, kolesteroli ilikuwepo, na ishara ya ACTH ilikuwa imefika. Baadaye walipozitenganisha tando za mitokondria waliona kilichotokea: kolesteroli ilikuwa imerundikana utando wa nje, na utando wa ndani haukupata kitu. Jaribio la kunifurahisha zaidi kati ya yote ni la kutumia 22R-haidroksikolesteroli. Hii ni kolesteroli iliyokwisha kuwekewa haidroksili moja zaidi, kwa hiyo inapatana na maji zaidi kidogo na huvuka yenyewe. Ukizipa hiyo seli zilizozuiwa kutengeneza protini, pregnenoloni inatoka vizuri. Maana yake kimeng'enya kilikuwa tayari muda wote, kikisubiri malighafi. Ukitaka kujua kama kasoro ya seli fulani iko kwenye usafirishaji au kwenye ukataji, hadi leo hilo ndilo jaribio la kwanza la kufanya.

Basi ilikuwa wazi kwamba ipo protini inayotengenezwa upya kila amri inapokuja, na inayokufa haraka. Miaka ya 1980 kundi la Nanette Orme-Johnson lilionyesha protini za kilodaltoni 30 zinazojitokeza kwenye mitokondria pale tu homoni inapochochea. Mwaka 1994 Barbara Clark, Douglas Stocco na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas Tech huko Marekani waliisafisha protini hiyo kutoka seli za MA-10, ambazo ni seli za uvimbe wa Leydig (seli za korodani zinazotoa testosteroni) wa panya, wakaipata jeni yake na kuiita StAR, yaani protini ya udhibiti wa haraka wa steroidi. Waliiingiza jeni hiyo kwenye seli zisizochochewa na homoni yoyote, na steroidi zikapanda.

Mtiririko wake ni huu. ACTH inashika kipokezi chake kwenye adrenali, au LH, nayo homoni ya pituitari, kwenye korodani na ovari. Ndani ya seli cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe, inapanda, na kimeng'enya cha protini kinasi A kinaamka. Kinasi hiyo inafanya mambo mawili: inaharakisha kusomwa kwa jeni ya StAR, na inaiwekea fosfeti protini ya StAR, hasa kwenye serini ya 195 kwa binadamu. Ukiibadilisha serini hiyo isiweze kupokea fosfeti, uwezo wa StAR unashuka kwa karibu nusu. Protini inayotoka kwenye ribosomu ina asidi amino 285 na uzito wa kilodaltoni 37. Mwanzoni mwake ina kipande kinachoielekeza mitokondria. Ikishaingizwa ndani, kipande hicho hukatwa na inabaki ile ya kilodaltoni 30 iliyoonekana tangu miaka ya 1980.

Sasa tulia hapa, maana vitabu vingi vinapita haraka na kumwacha msomaji na picha isiyo sahihi. Wazo la awali lilikuwa kwamba StAR inapoingizwa mitokondria, huingia na kolesteroli yake. Wazo hilo linavutia, ila majaribio yalilikataa. Mwaka 1996 watafiti waliondoa asidi amino 62 za mwanzo, StAR ikabaki kwenye saitoplazimu bila uwezo wa kuingia mitokondria, na bado ilisafirisha kolesteroli kama kawaida. Mwaka 2002 Himangshu Bose, Vishwanath Lingappa na Walter Miller waliifunga StAR kwenye sehemu mbalimbali za mitokondria, kila moja kwa makusudi. Iliyofungwa kwenye Tom20, ambayo ni protini ya utando wa nje, ikawa inafanya kazi bila kukoma. Iliyowekwa kati ya tando mbili au kwenye matriksi haikufanya chochote. Kwa hiyo StAR hufanya kazi yake yote ikiwa nje, juu ya utando wa nje, katika ule muda mfupi kabla haijavutwa ndani. Kuingia ndani ndiko kunakoizima. Huko matriksi protesi ya LON huitafuna. Ndiyo maana protini mpya zinahitajika kila mara, na ndiyo maana saikloheksimidi ilizima kila kitu: kila StAR ina dakika zake chache tu, halafu seli inarudi kwenye utulivu bila kuhitaji breki nyingine.

Hesabu inathibitisha jambo hilo. Imekadiriwa kuwa StAR moja huwezesha kolesteroli kama 400 kuvuka kwa dakika. Kama kila protini ingeingia mara moja tu na mzigo wake, seli ingelazimika kutengeneza protini nzima kwa kila molekuli moja ya kolesteroli, gharama ambayo seli yoyote ingeshindwa.

Umbo lake nalo limejulikana kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2000 Yosuke Tsujishita na James Hurley walichora muundo wa ndugu yake StAR, protini iitwayo MLN64, ambayo leo inaitwa pia STARD3. Sehemu wanayoshirikiana, START, ina asidi amino kama 210 zilizojikunja kuzunguka handaki lisilopenda maji, lenye nafasi ya kolesteroli moja. Binadamu ana protini 15 za ukoo huo, na StAR ndiyo ya kwanza, STARD1. Handaki hilo limefungwa pande zote, kwa hiyo ili kolesteroli iingie au itoke lazima protini ilegee. Maabara ya Miller ilionyesha kwamba StAR hulegea kwenye asidi, na hoja yao ni kwamba ukaribu wa utando wa mitokondria huleta hali kama hiyo: heliksi ya mwisho inafunguka, kolesteroli inapita, heliksi inajifunga. Mimi naikubali hoja hiyo. Kinachoendelea kuchunguzwa kwa bidii ni upande wa pili: StAR ikiwa juu ya utando wa nje, ni nini kinachoipokea kolesteroli na kuifikisha utando wa ndani? Protini za mitokondria VDAC, TOM22 na ATAD3A, na sehemu ambazo tando hizo mbili zimekaribiana zote zimehusishwa. Kwenye mtihani wako usiandike kwamba StAR huogelea kati ya tando mbili ikiwa na kolesteroli mgongoni, ingawa michoro mingi huionyesha hivyo.

Ushahidi mzito kuliko wote lakini unatoka kwa watoto wagonjwa. Mwaka 1955 Andrea Prader na mwenzake walieleza hali ya mtoto ambaye tezi zake za adrenali zilikuwa kubwa na zimejaa mafuta. Watoto wa aina hii huzaliwa wakionekana wazima, kisha ndani ya siku au wiki wanaanza kutapika, wanapoteza chumvi, sukari inashuka, ngozi inaweza kuwa nyeusi kuliko kawaida kwa sababu ya ACTH nyingi. Wasipopewa homoni hufa. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kimeng'enya cha kukata kolesteroli ndicho kilichoharibika, na ilikuwa dhana ya haki kabisa. Jeni ya CYP11A1 ilipochunguzwa kwa wagonjwa, ilikutwa nzima. Mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya StAR kupatikana, timu za Miller, Jerome Strauss na Stocco zilionyesha kwamba jeni iliyoharibika ni ya StAR. Huko Japani na Korea badiliko moja, Q258X, ndilo linalobeba wagonjwa wengi. Linaikatisha protini kabla haijakamilika kwa asidi amino 28 tu, na hizo zinatosha kuiua.

Hapo ndipo nikujibu kwa ukamilifu swali lako la kama kolesteroli ingeweza kupenya yenyewe. Inapenya, kidogo. Seli zilizopewa CYP11A1 na washirika wake bila StAR hutengeneza steroidi kwa karibu asilimia 14 ya kiwango kinachopatikana StAR ikiwepo. Njia hiyo ya polepole ni halisi, na inaeleza mambo ya ugonjwa huu ambayo bila hiyo yangeonekana ya kupingana.

Fikiria kwanza adrenali. StAR haipo, kortisoli ni kidogo, kwa hiyo pituitari inapiga ACTH bila kupumzika. ACTH inaiambia seli ikusanye kolesteroli zaidi, LDL inaingia, esta zinajaa, na mlango wa ndani uko palepale. Mwisho wake mafuta hayo, pamoja na bidhaa za kuoza kwake, huiharibu seli, na hata ile asilimia 14 inapotea. Miller, Strauss na Bose waliuita mfumo huu pigo mbili: la kwanza ni kukosa StAR, la pili ni mrundikano. Ukanda wa adrenali unaotoa aldosteroni hauchochewi sana mtoto akiwa tumboni, na ndiyo sababu watoto wengine hukaa wiki kadhaa kabla ya kuanza kupoteza chumvi.

Sasa angalia korodani na ovari. Korodani ya mtoto wa kromosomu XY huchochewa mapema na hCG, homoni ya ujauzito, seli zake za Leydig huharibika, testosteroni haipatikani, na mtoto huzaliwa na maumbile ya nje ya kike. Uterasi hana, kwa sababu homoni inayoizuia isikue ni protini, inatoka seli za Sertoli za korodani na haihitaji kolesteroli hata chembe. Ovari ya mtoto wa XX yenyewe inakaa kimya hadi balehe. Haijapigwa pigo la pili. Balehe ikifika, kila mwezi folikuli mpya, ambayo haijajazwa mafuta, huanza kazi kwa ile njia ya polepole na kutoa estrojeni ya kutosha matiti kukua na hedhi kuanza. Projesteroni ndiyo inayopungua, na kutunga mimba bila msaada ni vigumu. Ugonjwa mmoja, jeni moja, na tofauti yote imetokana na tezi ipi iliamrishwa mapema. Wapo pia wenye mabadiliko yanayobakiza sehemu ya uwezo wa StAR, pengine robo hivi. Hao dalili zao huja utotoni au baadaye, na mara nyingi hudhaniwa kuwa na ugonjwa mwingine wa adrenali. Tiba ya wote ni kuwapa haidrokotisoni, na fludrokotisoni na chumvi kwa wanaopoteza chumvi, na wanaishi.

Huenda ukauliza mimba hizo zinafikaje mwisho, ilhali ujauzito hauwezi kukaa bila projesteroni. Kondo la nyuma la binadamu linatengeneza projesteroni nyingi likiwa na CYP11A1 lakini bila StAR. Halihitaji kupandisha na kushusha kiwango kwa dakika. Linatoa kwa mfululizo, miezi na miezi, na MLN64 imependekezwa kuwa ndiyo inayosaidia usafirishaji pale. StAR ni kifaa cha tezi zinazotakiwa kuitika haraka.

Kuhusu TSPO, nakuelewa, maana vitabu vya miaka ya 2000 viliandika kwa uhakika mkubwa. TSPO ni protini ya kilodaltoni 18 kwenye utando wa nje wa mitokondria, zamani ikiitwa kipokezi cha pembeni cha benzodiazepini. Imejaa kwenye tezi za steroidi, inashika kolesteroli, na dawa zinazoishika, kama PK11195, hupandisha steroidi. Vassilios Papadopoulos na wenzake walijenga juu ya hayo hoja kwamba ndiyo njia ya kolesteroli, na ilisemekana kiinitete cha panya hakiwezi kuishi bila hiyo. Mwaka 2014 makundi tofauti, mojawapo la Vimal Selvaraj wa Chuo Kikuu cha Cornell, yaliifuta jeni ya TSPO kwenye panya. Panya walizaliwa, walikua, walizaa, na homoni zao zilikuwa sawa. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa kwamba PK11195 hupandisha steroidi hata kwenye seli za MA-10 zisizo na TSPO, yaani dawa ilikuwa ikigusa kitu kingine. Kundi la Papadopoulos nalo lilitoa panya wao wenye mwitikio dhaifu kwa ACTH, hivyo mjadala haujanyamaza. Lakini linganisha na panya waliofutiwa StAR mwaka 1997: bila kupewa steroidi walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa, adrenali zao zimejaa mafuta kama za watoto wa Prader. Shika StAR. TSPO huenda ina kazi yake kwenye mitokondria, ila si mlango ambao bila huo hakuna homoni. Ukisoma makala yoyote juu yake, tazama kwanza kama wametumia dawa au wamefuta jeni yenyewe, na uzito wa hitimisho uupime kwa hilo.

La chakula ni jepesi. Kuongeza maji tangini hakuleti maji bombani ikiwa koki imefungwa, na koki hapa inafunguliwa na ACTH au LH kupitia StAR, si na kiasi cha kolesteroli kwenye damu. Mtu mwenye LDL ya juu hana kortisoli ya ziada wala testosteroni ya ziada kwa sababu hiyo. Hata kinyume chake ni hivyo: waliozaliwa bila vipokezi vya LDL wana kortisoli ya kawaida wakiwa wametulia, na upungufu hujitokeza pale adrenali inaposukumwa na ACTH kwa muda mrefu. Wanaotumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, hupungukiwa testosteroni kwa kiasi kidogo ambacho kwa kawaida hakileti dalili. Kwa hiyo mteja akija dukani kwako siku moja akitaka kuacha statini ili "homoni zisiishe", mwambie aendelee nayo, na kama ana uchovu au amepoteza hamu ya tendo la ndoa, aende akapimwe badala ya kukatiza dawa.